Walifuata nini pangoni? Kuielewa hija ya Vaishno Devi

Tarehe 26 Agosti 2025 mvua kubwa iliporomosha mlima huko Jammu, kaskazini mwa India, na watu zaidi ya 30 waliokuwa njiani kuhiji kwenye pango la Vaishno Devi wakafa. Habari ilipotufikia ilikuwa imeshanyofolewa hapa na pale. Kwenye kundi moja la WhatsApp nililomo iliingia hivi: "Wahindi wafukiwa pangoni wakiabudu mawe." Mtu akauliza, bila ubaya wowote, walifuata nini pangoni na mvua yote ile. Mwingine akamjibu kwamba hilo ndilo lile pango la barafu. Wa tatu akakataa: ni lile alilonasa mtu mnene, na video anayo.

Wote watatu walikosea, na ujumbe wenyewe ulikosea kabla yao. Siku ile hakuna aliyefukiwa pangoni. Udongo uliwakuta barabarani, karibu na mahali panapoitwa Ardhkuwari, nusu ya safari. Pango lenyewe lilikuwa bado kilomita kadhaa mbele yao. Barafu iko kwingine kabisa. Mtu aliyenasa naye yuko kwingine zaidi. Lakini lile swali, walifuata nini pangoni, ni swali zuri, na mtu wa kulijibu pale kundini hakuwepo.

Tuanze na maneno, maana ndiyo yanayotuponza. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Mhindi wa dukani kwenu anaweza kuwa Mwislamu wa Kikhoja au Kibohora, Mkristo wa Goa, au Kalasinga mwenye kilemba chake, na wote hao hawahusiki na habari hii. Wazee wetu wa pwani walikuwa makini kuliko sisi: Mhindu walimpa jina lake, Baniani, yule yule wa methali ya kiatu na dawa. Hivyo tunaozungumzia hapa ni Wahindu.

Hija nayo tumeiazima tu kwa sababu ndilo neno tulilo nalo. Wao husema yatra, yaani safari. Si nguzo ya dini, haina mwezi wake mmoja, na Mhindu anaweza kuishi na kufa bila kufika Vaishno Devi na asihesabiwe ameacha wajibu. Wengi wa Wahindu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wana asili ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, na mungu mke wanayemwendea kwanza ni Amba, mwenye mahekalu yake huko huko Gujarat. Hata hivyo, wanaokwenda Vaishno Devi hawasemi kwamba waliamua kwenda. Husema waliitwa. Mama asipokuita, husema, utakata tiketi na hutafika. Kwa msomaji Mwislamu hili si geni: anayehirimia Makka huitikia "labbaika", nimeitika.

Na Vaishno Devi ni nani? Ni jina la mungu mke, na kwa jina hilo hilo huitwa pango lake. Waumini humwita Mata, yaani Mama. Pango liko katika milima ya Trikuta, juu ya mji mdogo wa Katra, wilaya ya Reasi, kama mita 1,585 juu ya usawa wa bahari. Liko wazi mwaka mzima.

Hapo ndipo linapotofautiana na pango la barafu. Lile ni Amarnath, Kashmir, mita 3,888 juu, ambako maji yanayodondoka kutoka darini huganda yakawa nguzo ya barafu, na waumini huiona nguzo hiyo kuwa ni mungu Shiva. Safari ya kule huruhusiwa wiki chache tu za majira ya joto. Kuna na la tatu, Shiv Khori, ambalo nalo liko wilaya ya Reasi. Juni 2024 basi la mahujaji waliokuwa wakitoka huko kwenda Katra lilishambuliwa kwa risasi, likatumbukia bondeni, wakafa watu 9. Habari za mapango haya matatu hutufikia zikiwa na maneno yale yale, Jammu, Kashmir, mahujaji, pango, na zikishapita kwenye simu tatu zinakuwa habari moja.

Kwa wingi wa watu, hakuna kati ya hayo mawili linalolikaribia Vaishno Devi. Mwaka 2023 walifika watu zaidi ya laki 95. Nimeandika laki kwa makusudi, kwa kuwa neno hilo tulilipata kutoka kwao na wenyewe huhesabu hivyo hivyo hadi leo. Ni karibu milioni 9 na nusu. Hija ya Makka ya 2024 ilikuwa na watu kama milioni 1.8, ingawa ulinganisho huo una walakini: wale wa Makka wapo pamoja kwa siku chache, na hawa wamesambaa mwaka mzima.

Sasa pango. Watu wengi, hata wenye nia njema, huuliza: kwa nini hekalu liwekwe pangoni? Nadhani swali hilo limepinduka. Hebu ingia katika hekalu la Kihindu lililojengwa kwa utaratibu wa kale. Nje kuna nguzo, michoro, uwanja, kengele. Kadiri unavyoingia ndani mwanga unapungua, dari inashuka, kuta zinakusogelea, mpaka unafika kwenye kachumba kasiko na dirisha, kenye mlango mmoja. Mapambo yamekwisha. Humo ndimo anamokaa mungu. Kachumba hako huitwa garbhagriha: griha ni nyumba, na garbha ni tumbo la uzazi. Kile kinara kinachopanda angani juu yake huitwa shikhara, na maana ya neno hilo ni kilele cha mlima.

Yaani hekalu ni pango chini ya mlima, lililojengwa na mafundi pale ambapo mlima haukuwepo. Kule Ellora, jimbo la Maharashtra, katika karne ya 8 hawakutaka hata kujenga: walianza juu ya jabali moja wakachonga kushuka chini, hadi likabaki hekalu zima limesimama, wakaliita Kailasa, jina la mlima wa Shiva. Kwa hiyo anayepanda Trikuta haendi kwenye hekalu la ajabu lililofichwa shimoni. Anakwenda kwenye kile ambacho mahekalu mengine yote huiga.

Kiswahili chetu hakiko mbali na fikra hii. Tumbo la uzazi wazee waliliita mji wa mimba, kwamba mtoto kabla ya kuzaliwa ana pahali anakaa. Wahindu wamelifanya nyumba, sisi tulilifanya mji.

Na pengine umeshaicheza garbha bila kujua. Kila mwaka, Septemba au Oktoba, kwenye siku tisa za Navratri, sikukuu ya mungu mke, mitaa wanakokaa Wahindu katika miji yetu huwaka taa, wanawake huvaa sketi pana zenye vioo vidogo vidogo, na watu hucheza kwa kuzunguka duara hadi usiku wa manane. Ngoma hiyo huitwa garba. Ni neno lile lile. Katikati ya duara, kwa desturi, huwekwa chungu cha udongo kilichotobolewa matundu, na ndani yake taa inawaka. Chungu ni tumbo. Taa ni uhai uliomo. Siku hizi duara huzunguka spika kubwa na chungu kimesogezwa pembeni, lakini jina limebaki.

Sisi nasi si wageni wa mapango. Amboni kule Tanga na Kuumbi kule Unguja watu huacha sadaka ndani hadi leo, na wengine wetu tunapita kimya tukijifanya hatukuona. Sisemi ni kitu kimoja. Wa kule ni mzimu wa mahali, huyu ni Mama wa ulimwengu mzima kwa wanaomwamini. Ninachosema ni kwamba anayetoka nchi yenye Amboni hana haki ya kushangaa sana.

Huwezi kuielewa njia ya kwenda pangoni bila kisa chake, kwa sababu kila kituo ni sura ya kisa. Waumini husimulia hivi. Katika kijiji cha Hansali, karibu na Katra, aliishi Brahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani, maskini, aliyeitwa Sridhar. Siku moja binti mdogo alimtokea, akamwagiza aalike watu wote wa vijiji vya jirani wale karamu. Sridhar hana kitu, lakini akaalika. Miongoni mwa walioitikia alikuwepo Bhairon Nath, mtu mwenye nguvu za uchawi. Chakula kikatoka kisikojulikana kilikotoka, na Bhairon akataka nyama na pombe. Binti akamwambia hapa ni nyumbani kwa Brahmini, vitu hivyo havipo. Bhairon akanyoosha mkono amkamate. Binti akatoweka, akakimbilia mlimani, na Bhairon nyuma yake.

Njia ya mahujaji ni njia ya mbio hizo. Banganga, mwanzoni kabisa, ni mahali binti alipopiga mshale ardhini maji yakatoka; ban ni mshale. Charan Paduka ni pale aliposimama akageuka kutazama kama bado anafuatwa, na nyayo zake zikabaki kwenye jiwe. Ardhkuwari ni pale alipojificha miezi tisa. Na pango la juu ndipo alipogeuka kwa hasira, akamkata Bhairon kichwa.

Katra ni mji unaoishi kwa ajili ya safari hii. Treni inafika mjini tangu Julai 2014. Nyama haiuzwi, pombe haiuzwi. Kumbuka Bhairon alitaka nini. Kabla ya kupanda unajiandikisha na kupewa kadi yenye chipu ya kuvaa shingoni, inayosomwa na mashine njiani. Zamani ilikuwa karatasi. Kadi ilikuja 2022, na sababu yake si ya furaha: usiku wa kuamkia Januari mosi mwaka huo watu walibanana karibu na pango, wakakanyagana, wakafa 12. Kadi husaidia kujua nani yuko mlimani na ni wangapi. Yote haya husimamiwa na bodi iliyochukua uendeshaji mwaka 1986. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mikononi mwa familia za waangalizi wa jadi.

Kutoka Katra hadi juu ni kama kilomita 12 au 13. Usifikirie kichochoro cha mbuzi. Ni barabara iliyosakafiwa, ina taa, vyoo, maji, maduka ya chai, na sehemu nyingi imeezekwa bati kukinga mawe madogo na jua. Watu hupanda mchana na usiku, na usiku ukiwa Katra unauona mlima umefungwa mkufu wa taa. Asiyeweza kutembea hukodi farasi mdogo, au hubebwa kwenye machela na wapagazi wanne. Kutoka Ardhkuwari kuna magari madogo ya betri. Wapagazi wengi na wenye farasi wengi ni Waislamu. Wanampandisha bibi wa watu mabegani, jasho linawatoka, na bibi juu yao anamtaja Mama kila hatua. Hili halipati nafasi kwenye video zinazotufikia.

Salamu ya njia ni moja: Jai Mata Di, ushindi ni wa Mama. Anayeshuka humwambia anayepanda, tajiri humwambia mpagazi, mtu akikukanyaga badala ya kukuomba radhi husema hiyo hiyo. Kikundi kikichoka, mmoja hupaza sauti: "Zor se bolo!" Semeni kwa nguvu! Na wote, pamoja na wasiomjua, hujibu kwa kelele, miguu inaanza kwenda tena. Vitambaa vyekundu vyenye maandishi ya dhahabu vimefungwa vichwani mwa wazee, watoto, hata mtu aliyevaa suti.

Ardhkuwari ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa sababu hapo pana pango jingine. Huitwa Garbh Joon. Neno umeshalifahamu. Waumini husema Mama alikaa humo miezi tisa kama mtoto tumboni, na Bhairon alipofika mlangoni, Mama akapasua upande wa pili kwa mkuki wake wa ncha tatu, akatoka. Mahujaji hupita humo humo: unaingia upande mmoja, unatambaa kwa magoti na viwiko, unajikunja, mwamba unakugusa mgongoni na kifuani kwa wakati mmoja, halafu unatokea upande wa pili kwenye mwanga, watu wanakuvuta mkono. Ni kuzaliwa upya, kwa vitendo. Huhitaji mtu wa kukufafanulia ishara hiyo ukiwa katikati yake.

Foleni ya hapo inaweza kuchukua saa nyingi, na wengi huamua kupita moja kwa moja kwenda juu. Ndiyo maana ukimwuliza mmoja aliyefika atakuambia pango ni jembamba ajabu, na mwingine atakuapia kwamba alitembea wima bila kuinama. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alipita Garbh Joon, mwingine hakupita.

Kuhusu wanene. Inasimuliwa sana kwamba mwenye dhambi hunasa, na msafi hata awe na mwili wa namna gani hupita. Wenye kuamini husimulia hilo huku wakicheka, na wengine hawacheki. Lakini ile video ya mtu aliyenasa, anayejinyonga huku na huku na watu wakimpa ushauri, si ya hapa. Ilisambaa mwishoni mwa 2022 na ni ya Amarkantak, katikati ya India, jimbo la Madhya Pradesh. Aliyenasa alinasa chini ya sanamu ya tembo, ambako kuna imani inayofanana na hii.

Baada ya Ardhkuwari mlima unakaza, kisha unafika Bhawan, makao ya Mama. Ukitegemea ukimya wa pangoni, pole. Ni kama stendi siku ya kuamkia Krismasi: vipaza sauti, foleni zenye vyuma pembeni, majengo ya kulala wageni yamepandana ubavuni mwa mlima. Viatu, simu, kamera, mkanda na pochi ya ngozi, vyote vinawekwa kwenye makabati. Ngozi haiingii kwa sababu ni ya mnyama aliyekufa. Na kwa kuwa simu hazipiti, picha nyingi unazotumiwa za "ndani ya pango la Vaishno Devi" zitilie shaka.

Hapo napo kuna jambo ambalo hata Wahindu wenyewe huchanganya. Pango la asili lina urefu wa kama mita 30. Mlango wake ni mwembamba, kuna jiwe kubwa mlangoni ambalo waumini husema ndicho kiwiliwili cha Bhairon, na chini hupita maji baridi ya kijito kiitwacho Charan Ganga. Lakini pango hilo haliwezi kupitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Zikachimbwa njia mbili mpya ubavuni, pana, zenye marumaru, na ndizo zinazotumika siku nyingi za mwaka. Njia ya asili hufunguliwa watu wakipungua, aghalabu kwenye baridi ya Januari na Februari. Mtu anaweza kwenda mara kumi asiingie mlango ule wa kale hata mara moja.

Njia zote huishia mahali pamoja, na hapo hakuna sanamu. Hili huwashangaza hata wao. Kwenye kalenda na vibandiko vya mabasi Mama amepakwa rangi nzuri, ana mikono minane, ameketi juu ya simba au chui milia. Ndani ya pango hana mikono wala simba. Kuna mwamba wa urefu wa futi tano na nusu hivi, ambao juu umegawanyika vichwa vitatu. Vichwa hivyo huitwa pindi. Havikuchongwa. Waumini huviita Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati, nguvu tatu: ya kumaliza, ya kustawisha, na ya kujua. Si miungu watatu waliopanga chumba kimoja. Fikiria mwanamke ambaye nyumbani ni mama, shuleni ni mwalimu, kikobani ni mweka hazina. Ukimwita kwa lolote kati ya hayo atageuka yule yule.

Pindi zenyewe zimezungukwa na maua, mataji na vitambaa kiasi kwamba mgeni anaangalia mapambo ya nyuma akidhani ndiyo, na kuhani anamwonyesha kwa kidole: chini, chini hapo. Una sekunde chache. Mkono wa mhudumu uko begani mwako. Nyuma yako pana watu elfu kadhaa. Umeshatoka.

Mtaani kwetu kuna mama mwenye duka, Mhindu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Vitambaa. Aliwahi kwenda. Baada ya ule mjadala wa kundini nilimpitia, nikamwamkia, nikamwuliza aliona nini.

"Kuona?" akacheka. "Mwanangu, nani anaona pale? Nililia tu, halafu nikasukumwa nje. Mimi sikumwona sawasawa. Ila yeye kaniona."

Hapo ndipo neno darshan linapoingia, na bila neno hili safari nzima inakuwa upuuzi: kupanda usiku kucha kwa ajili ya sekunde tano. Darshan kwa kawaida hufasiriwa kuona, lakini ni kuona kwenye njia mbili. Unakwenda ukamtazame Mama, na zaidi ya hapo unakwenda ukatazamwe. Ni kama kijana anayesafiri siku mbili kutoka mjini kwenda kumwamkia bibi mgonjwa ambaye hawezi tena kuongea. Akirudi huwezi kumwuliza "mliongea nini?" Alikwenda bibi amwone.

Basi, wanaabudu mawe? Kuna jibu la haraka ambalo watu wastaarabu hutoa kwa niaba yao: la, jiwe ni alama tu, kama picha ya mzazi ukutani. Ni jibu la heshima lakini halitoshi, na Mama Vitambaa asingelikubali. Kwake Mama yumo mle, si alama yake. Wakati huo huo haamini kwamba Mama ni jiwe lile, kwamba likivunjika amekufa, au kwamba hayupo dukani kwake Jumatatu asubuhi anapochoma ubani kabla ya kufungua. Kwa sanamu iliyochongwa, makuhani hufanya ibada maalumu ya kuukaribisha uhai wa mungu ndani yake. Kabla ya ibada hiyo ni kazi ya fundi tu, inauzwa na kuharibika kama kiti. Pindi hazikuhitaji hilo. Huhesabiwa kuwa zilijitokeza zenyewe, na ndiyo sababu nyingine ya watu kuupanda mlima. Unaweza kulikataa fundisho hili lote, dini yako ikakulazimu ulikatae, lakini angalau likatae lenyewe lilivyo.

Akitoka mtu hupewa punje za sukari ngumu, na mara nyingine kasarafu kadogo. Wengi hapo hudhani wamemaliza. Bado. Bhairon, husimulia, kichwa chake kilipokatwa kiliruka hadi mlima wa juu zaidi, na kilipokuwa kinakata roho kikaomba msamaha. Mama akamsamehe, tena akamwongezea: anayekuja kwangu asipopita na kwako, safari yake haijatimia. Kwa hiyo mahujaji hupanda tena, kilomita moja na nusu au zaidi hivi, mita kama 2,000 juu ya bahari, kwenda kumwamkia adui aliyemfukuza Mama mlima mzima. Tangu Desemba 2018 kuna vibanda vya kuning'inia kwenye waya vinavyopandisha watu kwa dakika chache, na magoti mengi yalishukuru. Binafsi, katika yote haya, kituo hiki ndicho kinachonikaa akilini kuliko pindi.

Baada ya maporomoko ya Agosti safari ilisimama zaidi ya wiki tatu, ikafunguliwa tena katikati ya Septemba, kabla ya Navratri. Siku njia ilipofunguliwa watu walikuwa wanasubiri Katra.

Nilipomuaga Mama Vitambaa alivuta droo ya pesa anionyeshe kitu. Chini ya noti za elfu kumi, kwenye kipande cha kitambaa chekundu, palikuwa na ile sarafu aliyopewa pangoni. Nikamwuliza thamani yake ni kiasi gani. Akasema hajawahi kuigeuza kusoma.